Jinsi ya kwenda kupaona alipoishi babu Manzese bila kuibiwa simu wala kudhaniwa umekuja kudai nyumba

Mara ya kwanza nilipoenda Manzese, Dar es Salaam, kutafuta nyumba aliyoishi babu mzaa mama, nilifukuzwa na mama mmoja aliyeshika ufagio wa chelewa. Sio kwamba alikuwa mkorofi, hapana, kwa nilivyoenda hata mimi ningejifukuza. Shati nimechomekea, faili la plastiki kwapani, simu mkononi napiga picha nyumba moja baada ya nyingine, af namsogelea mtu nisiyemjua namuuliza eti "samahani, mwenye nyumba hii ni nani?" Uswahilini swali hilo halina mwisho mzuri. Anayeuliza hivyo ni mtu wa benki, au mtu wa mradi anayekuja kuchora X nyekundu ukutani, au dalali, au mtoto wa marehemu aliyeibuka baada ya miaka thelathini anataka urithi. Mimi nilikuwa nimeshika pochi mfukoni naogopa vibaka, kumbe mtaa mzima ndo unaniogopa mimi.

Mara ya pili ilikuwa tofauti kabisa, nilikaa pale mpaka saa tisa mchana nikala na ugali. Kwahiyo naandika hapa nilichojifunza, kwa mtu yeyote ambaye babu au bibi yake aliishi Manzese, Tandale, Mburahati, Keko, Buguruni, maana mambo ni yaleyale, na siku hizi wajukuu wengi tumekulia mikoani au ng'ambo, tunapajua kwa stori tu.

HATUA YA 1: KAA NA BIBI KWANZA, SAFARI BAADAYE

Kosa la watu wengi ni kuondoka na jina la kwenye kitambulisho. Mtaani hakuna anayelijua. Babu yangu alianza kazi Urafiki, kile kiwanda cha nguo kilichojengwa kwa msaada wa Wachina kikaanza 1968, na alikuwa anakopesha khanga mtaani, unachukua doti leo unalipa mwisho wa mwezi. Basi Manzese nzima ya upande ule alikuwa Mzee Doti. Jina lake la kwenye cheti cha ubatizo nililitaja kwa watu sita, hola. Nilipotaja Mzee Doti mara ya pili, mzee wa kwanza tu aliyenisikia akacheka akaniuliza, "yule Mkaguru?"

Kwahiyo muulize bibi (au mama, au mjomba, yeyote aliyebaki) alikuwa anaitwaje MTAANI. Na yeye bibi mwenyewe alikuwa anaitwa mama nani. Mara nyingi wanawake ndo wanakumbukwa zaidi kuliko waume zao maana ndo walikuwa wanashinda nyumbani, wanachota maji pamoja, wanalea watoto pamoja. Bibi yangu aliitwa Mama Kilosa.

Baada ya hapo fungua masanduku. Vitu vya kutafuta:

Kadi ya TANU au ya CCM. Hii watu wanaidharau sana. Kadi ya chama ilikuwa na tawi, na tawi ndo linakuonyesha upande gani wa Manzese, maana Manzese sio sehemu moja, kuna Midizini, kuna Uzuri, kuna Chakula Bora, kuna Mvuleni. Kama kadi ni ya TANU ujue ni ya kabla ya Februari 1977.

Kadi ya NPF. Huo ndo mfuko uliokuwepo kabla ya NSSF, utakuonyesha mwajiri. Mwajiri akijulikana unapata wazee waliofanya kazi naye, na wazee wa Urafiki bado wapo wachache pale wanakaa kwenye mabenchi.

Picha za zamani. Geuza nyuma! Mastudio yalikuwa yanagonga muhuri nyuma ya picha, jina la studio na mtaa. Tena angalia kilichopo nyuma ya watu kwenye picha yenyewe, mlango, dirisha, mti.

Barua sina imani nazo sana, wengi walipokea barua kwa S.L.P ya kazini au ya tajiri fulani mjini, hazikuambii alilala wapi.

Halafu kitu cha muhimu kuliko vyote: tafuta ALAMA ISIYOHAMA. Rangi ya nyumba itakuwa imebadilika, bati limebadilika, mwembe umekatwa. Nilimbana bibi siku mbili mpaka akakumbuka kwamba babu alipomwaga sementi ya kizingiti cha mlango wa uani, mama yangu mdogo akiwa mtoto alikandamiza vizibo vitatu vya soda kwenye sementi mbichi akachapwa. Vizibo vitatu kwenye kizingiti cha uani. Hiyo ndo anwani. Usimuulize mzee "nyumba ilikuwa namba ngapi", muulize nani alichapwa kwa sababu gani na ilikuwa sehemu gani ya nyumba, utapata ramani nzima.

HATUA YA 2: GEUZA ANWANI YA ZAMANI KUWA YA SASA

Hapa nipite haraka. Karatasi zako za zamani zitasema Kinondoni, usiende manispaa ya Kinondoni kuuliza habari za Manzese, siku hizi Manzese ipo Ubungo. Tandale na Magomeni zimebaki Kinondoni. Kwenye baadhi ya milango utaona namba ndefu zinazoanza na herufi za manispaa ya zamani, KND na kuendelea, hizo zina uhusiano na zile leseni za makazi zilizoanza kutolewa miaka ya 2000 kwa nyumba za maeneo yasiyopimwa. Halafu kuna namba mpya za anwani za makazi za 2022, vibao vya mitaa na vinamba vya nyumba, zipo mpaka kwenye programu ya simu ya NaPA. Namba mpya itakusaidia kurudi ukishapajua, kupatafuta mara ya kwanza haitakusaidia kitu.

Na kumbuka nyumba za mbele kabisa, zile zilizokuwa zinaangalia barabara ya Morogoro, nyingi zilienda wakati wa upanuzi wa barabara ya mwendokasi. Kama bibi anasema "tulikuwa tunaona magari tukiwa barazani" jiandae kisaikolojia.

HATUA YA 3: PATA MWENYEJI, USIENDE KAMA MGENI WA TAIFA

Unahitaji mtu mmoja tu anayesalimiwa pale mtaani. Sio lazima awe mzee, sio lazima awe ndugu. Mimi nilimpata kupitia fundi aliyenitengenezea friji Morogoro, akasema ana shemeji yake ana kijiwe cha bodaboda pale Tip Top. Ndo ilivyo, watu wa Manzese wametapakaa Tanzania nzima, ukiuliza kwenye msikiti wako, kanisani, kazini, huwezi kukosa mtu mwenye shangazi Manzese.

Ukikosa kabisa, shuka kituoni, nenda kijiwe cha bodaboda chenye watu wengi na wana vizibao vyao, sio yule anayekufuata peke yake pembeni, chagua mtu mzima kidogo, mwambie ukweli: nimekuja kutafuta alipokuwa anaishi babu yangu, nataka unizungushe nusu siku, tukubaliane bei. Mkubaliane KABLA. Akiwa na wewe huyo hakuna kibaka atakayekusogelea kirahisi kwa sababu wanajuana, na yeye sura yake ipo pale kijiweni kesho na keshokutwa.

Kazi ya mwenyeji sio ulinzi peke yake. Kazi yake kubwa ni kuonekana. Ukipita na mtu anayesalimiwa "oya vipi" kila hatua kumi, watu wanajua wewe ni wa fulani. Ukipita peke yako na faili wewe ni wa serikali.

HATUA YA 4: SIKU, SAA, NGUO, SIMU

Nenda Jumamosi au Jumapili kuanzia saa tatu asubuhi. Siku za kazi wenye nyumba wengi hawapo unakuta watoto na wapangaji wapya. Jumapili kama wenyeji ni Wakristo subiri watoke kanisani, Ijumaa mchana usimsumbue mtu. Hakikisha saa kumi jioni unaanza kuaga. Sisemi hivyo kumtisha mtu, Manzese ya leo sio ile ya kwenye stori, kuna taa, kuna lami kwenye njia kubwa, kuna watu wanaishi maisha yao ya kawaida kabisa, lakini Dar hii hii mwaka 2022 vile vikundi vya vijana wahalifu wanaoitwa Panya Road vilirudi kuvamia watu majumbani na mapanga na hakuna mtu wa huko aliyesahau. Mgeni asiyejua vichochoro asikutwe humo giza likiingia, basi.

Masika usiende. Machi mpaka Mei chemba zinafumuka, vichochoro vinakuwa mito ya maji machafu, na watu wapo bize kutoa maji ndani, nani atakuhadithia habari za 1976 akiwa ameshika ndoo?

Nguo: za kawaida safi, tisheti, suruali, raba za zamani au ndala ngumu. Dada zangu, dera au gauni refu na mtandio unamaliza kila kitu, na heshima unayopata kwa wamama wa pale ni nusu ya kazi. Cheni ya dhahabu iache. Begi la mgongoni ukilazimika livae mbele.

Simu iwe mfukoni mbele, sio mkononi, hasa kando ya barabara kubwa na kwenye msongamano wa mitumba. Ukitaka kupiga simu ingia dukani. Hela gawanya sehemu mbili, na uwe na chenji ya elfu moja moja na mbili mbili kwa ajili ya soda na kahawa, ukitoa noti ya elfu kumi kununua kahawa ya mia mbili umejitangaza.

Kuna sehemu mwenyeji atakuambia tuzunguke. Zunguka. Uwanja wa Fisi ni jina lililojulikana nchi nzima kwa gongo na biashara zake nyingine na kuna watu wanataka kwenda kupachungulia kama mbuga ya wanyama, hiyo tabia sio nzuri, waliopo pale ni binadamu na hawakukualika. Kama babu yako aliishi jirani na hapo, pita mchana, salimia, usitoe simu.

Na beba zawadi. Mkono mtupu haulambwi. Kilo mbili za sukari, majani ya chai, mche wa sabuni. Mfuko wa kawaida mweusi. Hela taslimu usianze nayo, ukianza na hela mazungumzo yanageuka biashara.

HATUA YA 5: SERIKALI YA MTAA, NIPITE AU NISIPITE?

Mimi nasema pita, lakini kwa mguu wa salamu. Mwenyekiti wa mtaa anaweza kuwa kijana aliyechaguliwa Novemba 2024 asiyejua lolote kuhusu babu yako, haidhuru. Ukishasalimia ofisini, hata mtu akipiga simu "kuna jamaa anazungukazunguka huku" jibu lipo. Na mara nyingi pale ofisini kuna mzee au mjumbe wa shina, yule tuliyezoea kumwita balozi wa nyumba kumi, huyo ndo kamusi. Wajumbe wa zamani waliwahi kugawa mpaka sukari miaka ile ya uhaba mwanzoni mwa themanini, wanajua kila kaya ilikuwa na watoto wangapi.

Kitu kimoja: usiombe kuona makaratasi ya nyumba. Ukiomba makaratasi umerudi kuwa mtu wa faili.

HATUA YA 6: KAHAWA KWANZA

Kabla ya kwenda kwenye nyumba yenyewe, tafuta kijiwe cha kahawa. Wazee wapo pale wanacheza bao au drafti wanabishana habari za Simba na Yanga. Salimia shikamoo wote, mmoja mmoja kama inawezekana, agiza kahawa, na kashata, ukae. KAA. Usiulize kitu dakika kumi za kwanza. Mwenyeji wako ndo aseme, "huyu mgeni ni mjukuu wa mzee mmoja alikuwa anakaa huku zamani."

Hapo utaulizwa nani, na jina la mtaani linafanya kazi yake. Mimi niliposema Mzee Doti kilichofuata sikukitegemea, wakaanza kubishana wenyewe. Mmoja anasema alikaa nyuma ya msikiti, mwingine anasema hapo alikaa Mmanyema fulani, Doti alikaa kwenye mwarobaini, wa tatu anasema Doti anadaiwa. Babu amefariki 2009 na bado anadaiwa shilingi kwenye kijiwe! Nikacheka nikasema basi wazee wangu deni nalirithi, nikalipia raundi ya kahawa, ikawa ndo pasipoti yangu.

Usiamini mzee mmoja. Subiri wabishane mpaka wakubaliane, wakikubaliana wawili wa makabila tofauti umepata.

HATUA YA 7: MLANGONI

Hapa ndo pagumu na hapa ndo wengi tunaharibu.

Nyumba ikawa ni ileile ya yule mama mwenye ufagio. Nilitaka kukimbia. Mwenyeji wangu akatangulia, mzee mmoja wa kijiweni akajitolea kuja na sisi, mimi nikabaki nyuma na mfuko wa sukari kama mtoto anayepelekwa kuomba radhi. Na ndo ilivyokuwa.

Utaratibu uwe hivi. Hodi ukiwa nje ya baraza, usipande. Salamu ndefu. Kisha jitambulishe kwa mtiririko huu: jina la mtaani la mzee wako, jina la mtaani la bibi, mzee alipofanya kazi, aliondoka lini, na HAPO HAPO, kabla hujavuta pumzi, useme kwamba nyumba aliiuza na hamna anayeidai. Mimi nilisema hivi:

"Mama shikamoo. Mama mi ndo yule kijana nilikuja siku ile na faili, naomba unisamehe nilikosea. Mimi ni mjukuu wa Mzee Doti wa Urafiki, bibi yangu walikuwa wanamwita Mama Kilosa. Babu alikaa hapa akaiuza 1989 akarudi kijijini, na alishafariki. Nyumba ni yako mama, hatuna neno nayo. Bibi yupo hai, kanituma nije nimsalimie mwenye nyumba na nimpelekee habari kama pakoje."

Akaninyamazia. Af akauliza swali ambalo ni lazima uwe umejiandaa nalo, "bibi yako alikuwa anapika wapi?" Yaani ananipima! Nikajibu uani mkono wa kushoto, pembeni ya kizingiti chenye vizibo. Akageuka kumwangalia yule mzee, akaweka ufagio chini.

Baadaye tukiwa tumekaa aliniambia kwanini alinifukuza. Nyumba aliinunua na marehemu mumewe 1998 kwa mtu aliyenunua kwa babu, na mume alipofariki ndugu wa mume walimsumbua miaka minne wanataka iuzwe wagawane, wakawa wanatuma vijana na makaratasi kuja kupiga picha. Vijana wamechomekea, wameshika mafaili. Sasa na mimi nikatokea vilevile! Ndo maana nakuambia, unapoenda kwenye mlango wa mtu uswahilini usifikirie wewe unaogopa nini, fikiria yeye kaogopeshwa na nani kabla yako.

Kama kweli familia yenu ina madai, mfano mzee hakuuza, alipangisha tu akafa, hilo lina njia yake: kikao cha ukoo, mtu ateuliwe kusimamia mirathi, mahakama. Usilichanganye na hii safari. Ukiapa kwamba hudai kitu af mwezi ujao ukatuma wakili, umewaharibia wajukuu wote watakaokuja kupiga hodi baada yako.

HATUA YA 8: UKISHAINGIA

Nyumba nyingi za wakati ule ni zilezile za Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku vitatu kule, uani kuna choo na jiko na banda. Usishangae ukikuta vyumba vya mbele vimetobolewa vimekuwa fremu, hapa saluni, hapa mtu wa miamala ya simu. Usiseme "jamani mmeharibu." Kila chumba kina mpangaji, kwahiyo koridoni unapita kwenye milango ya familia tano, sita, macho yako yaende mbele, pazia likiwa wazi sio dirisha la duka.

Uani ndo nilikaa. Kizingiti kipo. Sementi imechakaa imelala katikati kama mgongo wa punda kwa miguu ya miaka yote hiyo, na vizibo viwili bado vimo, vimelika mpaka meno yake yote yameisha, vimebaki viduara vya bati vinang'aa. Cha tatu kimetoka, limebaki shimo, mtoto wa mpangaji amejaza bigijii. Nilichuchumaa pale muda mrefu kidogo mpaka yule mtoto akaniuliza, "anko umedondosha hela?"

Picha omba, na ukiomba sema ni za bibi. Piga kizingiti, piga mlango, piga mwarobaini, kisha mpige mwenye nyumba akitaka, na umtumie palepale kwenye simu yake au ya mwanae. Wapangaji na nguo zao zilizoanikwa usiwaweke kwenye picha. Na usiweke picha mtandaoni na maelezo ya "nyumba yetu Manzese". Sio yenu.

Bando liwe la kutosha, mpigie bibi wa video mkiwa palepale. Mimi nusura nisahau. Kilosa mtandao unasuasua, bibi akawa anaonekana paji la uso tu maana hajui kushika simu, lakini sauti ilifika, na hao wawili, mwenye nyumba wa sasa na wa zamani, wakasalimiana kama watu waliopishana mlangoni. Bibi akaulizia mwarobaini, akaulizia bomba, akaulizia majirani nane kwa majina, sita wamefariki, mmoja kahamia Mbagala, mmoja yupo nyumba ya tatu. Yule wa nyumba ya tatu aliitwa akaja mbio na kanga moja.

Ukikuta nyumba haipo, imekuwa ghorofa au gesti au baa, usigeuze. Agiza soda, kaa, waulize majirani wa pande zote mbili, kwa kuwa mwenye alama isiyohama anaweza kuipata kwa jirani: ukuta mliochangia, mti, kisima. Na kama pamekuwa barabara, simama kituoni uangalie watu wanashuka, pia inatosha kumpigia bibi.

HATUA YA 9: KUAGA NA KISA CHA KINU

Aga mapema kuliko unavyotaka. Wakikukaribisha chakula kula, hata kidogo, kukataa chakula uswahilini ni tusi ambalo hutalisikia likitajwa ila litakaa. Chukua namba ya simu ya mwenye nyumba. Mwenyeji wako mlipe mkiwa mmeshatoka, sio mbele za watu.

Vitu vya kale msidai. Nasema hivi kwa sababu bibi yangu, baada ya kulia na kucheka na kuwasalimia wote kwenye video, akauliza swali lake la mwisho ambalo naona ndo alilonituma kabisa tangu mwanzo, "na kinu changu?" Aliondoka 1989 ameazimisha kinu kwa yule jirani wa nyumba ya tatu, wakaondoka na lori alfajiri hakukichukua. Miaka yote hiyo hajawahi kututajia. Jirani akajishika mdomo, akaenda, akarudi anakiburuza kwenye mchanga na mjukuu wake, kinu cha mti mzito, kimepasuka ubavu mmoja kimefungwa waya, siku hizi wanakitumia kukalia.

Nikajaribu kukinyanyua. Nikaona nikishika mwendokasi mpaka Kimara, kutoka hapo mpaka stendi ya Magufuli, halafu basi la Morogoro, na hicho kitu kifuani. Nikamgeuzia bibi kamera akione. Akakiangalia akasema mwambie akalie tu, ila ule mchi ulikuwa wa mama yangu, mchi uje.

Mchi upo nyumbani Kilosa sasa hivi, nyuma ya mlango. Kwenye kituo cha mwendokasi mkagua tiketi alitaka kunizuia akidhani ni silaha.